Giza la Kushona

Mama alikuja London kukaa nami miaka ya tisini ikielekea mwisho, baada ya kufariki dada yangu aliyekuwa akimtunza Unguja. Majira ya baridi hakunipa taabu. Jua lilizama mapema, akasali Isha, akalala mpaka nimwamshe. Taabu ilianza kiangazi. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, lakini mwili haukusahau kwamba mwanga ukiingia dirishani mtu huamka, hufagia ua, hutoka kutafuta mkate. Mwezi wa Juni, mtaani kwangu Tooting, mwanga huingia saa kumi za alfajiri. Mara mbili alikutwa barabarani na ushungi wake na ndara, akiwauliza watu wa gari la taka duka liko wapi. Aliwauliza kwa Kiswahili.

Baada ya mara ya pili alikuja afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mpole. Alikunywa chai yangu, akasema mama akitoka tena itabidi atafutiwe nafasi katika nyumba ya wazee. Kumfungia kwa ufunguo alinikataza: moto ukizuka atatokaje? Mimi kazi yangu ilikuwa kuogesha wazee katika nyumba ya aina hiyo. Sikuhitaji kuelezwa.

Nikaamua kumtengenezea usiku. Mapazia ya kukunja, ya kupimiwa dirisha, bei yake sikuiweza. Nilikwenda kwenye duka la mabaki ya vitambaa, kwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa.

“Nataka kisichopitisha mwanga kabisa,” nilimwambia.

“Kabisa? Unaficha nini, bibi, mume wa mtu?”

“Namficha mama yangu asionwe na jua.”

Aliacha kucheka. “Jua la huku halina adabu,” alisema. “Sasa linakuja bila kualikwa. Desemba ulitafute, hulioni.” Akavuta jora la bitana nzito nyeupe, yenye mgongo kama mpira. “Hili lina doa mwishoni. Chukua lote.”

Nilipima dirisha juu, kati na chini, kwa sababu fremu za nyumba zile za zamani hazijanyooka, nikashika kipimo kilicho chembamba. Upande wa chumbani niliweka shuka la kahawia. Nilishona mifuko myembamba ya kupitisha vijiti, nikatunga pete za plastiki kwa mkono, nikapitisha kamba mpaka kwenye ubao wa juu. Mama alikaa kitandani akitazama ile bitana nyeupe.

“Unashona sanda?”

“Hapana, mama. Pazia.”

“La nyumba ya nani?”

“Yako.”

“Mimi nyumba yangu iko kwetu,” alisema, akanishikia ncha ya kitambaa.

Asubuhi ya kwanza mwanga ulipenya pembeni, mwembamba kama wembe, na mama akaamka. Nililishusha pazia, nikaongeza mbawa za kitambaa kila upande, nikazibana kwenye fremu kwa pini. Safari hii giza lilikamilika. Mama alilala mpaka nilipovuta kamba mwenyewe. Alilala hivyo wiki nzima, na uso wake ukajaa kidogo.

Kisha nikapangiwa zamu ya asubuhi. Nilimwacha amelala, usingizi ule nikiuonea huruma. Kamba nilikuwa nimemfundisha, na mbele yangu aliivuta vizuri.

Niliporudi, chumba kilikuwa cheusi vilevile. Nikawasha taa. Alikuwa ameketi juu ya mswala, gauni limelowa, na mkate niliomwekea haukuguswa.

“Kumekucha?” aliniuliza.

“Zamani, mama. Sasa saa tisa za mchana.”

“Usinidanganye. Nimengoja Alfajiri mpaka miguu imekufa ganzi. Usiku wa leo mrefu, mwanangu. Kumetokea nini huko nje?”

Nilimwogesha, akaniomba radhi kwa gauni.

Tangu siku hiyo nikawa naliinua pazia kidogo kidogo. Nikiliinua kiasi cha kiganja, anaamka saa kumi. Nikilishusha libaki wazi kiasi cha kidole, siku nzima inampita akiwa anangoja alfajiri. Nilitafuta mahali katikati ya hapo kwa wiki kadhaa, nikitia alama za chaki kwenye fremu. Sikupaona. Alfajiri moja nilipitiwa na usingizi baada ya zamu ya jioni, pazia likiwa kwenye alama mojawapo, naye akatoka. Walimkuta karibu na stesheni, goti linavuja damu. Afisa alikuja tena. Chai yangu hakuigusa.

Nyumba ya wazee aliyopewa haikuwa ile niliyofanyia kazi. Nililibeba pazia nikaomba nilitundike chumbani kwake. Msimamizi alilikagua kwa makini, hata akasifu mshono. Kamba haziruhusiwi, alisema, na kitambaa hakikutiwa dawa ya kuzuia moto. Dirisha lao lilitazama mashariki, lina pazia jepesi la maua.

“Mama yako ndiye wa kwanza kuamka hapa,” kijana wa zamu aliniambia nilipokwenda kumwona. “Hasumbui. Anajifunika kichwa, anakaa tu.”

Nilimwuliza kama kuna anayemwonyesha kibla. Hakuelewa swali. Nilimweleza, nikamsimamisha dirishani nikamwonyesha upande, naye alisikiliza vizuri. Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya mtu mwingine.