Nilichomoa Waya wa Koili Ili Mama Aache Kuliombea Gari

Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili timamu, nimeshapiga mswaki na kunywa chai. Sina wa kumsingizia.

Mimi ni yule kijana wa Kayole ambaye kila mtu kwao amechoka kumjibu. Nilitoka chuo kikuu na digrii ya fizikia na tabia moja mbaya: mtu akisema jambo, nauliza amejuaje. Mchumba wangu Njeri huniita Tomaso, yule mtume aliyetaka kwanza kutia kidole kwenye jeraha.

Mama ana gari kuukuu aliloachiwa na marehemu baba. Kila asubuhi huweka kiganja juu ya boneti, hufumba macho, huomba, kisha huingia na kuliwasha. Nalo huwaka. Hunitazama kupitia kioo kana kwamba ameshinda kesi.

Nikamwambia kinachowasha gari ni cheche. Akasema hajawahi kukataa. Nikasema basi tukague.

Jumapili baada ya kanisa nikafungua boneti na kutoa plagi zote nne. Plagi yenye afya huwa na rangi ya hudhurungi mdomoni, kama biskuti. Tatu zilikuwa hivyo. Lakini ile ya tatu kutoka mbele ilikuwa nyeusi kwa masizi, na pengo lake limepanuka. Nikaisugua kwa brashi, nikajiambia nitanunua mpya wiki hiyo hiyo. Ikumbuke hiyo plagi.

Kisha nikarudishia kila moja kwenye waya wake, nikaigusisha na chuma cha injini, nikamwomba Mama azungushe ufunguo tuone cheche. Ya kwanza ikatoa cheche ya buluu, safi kabisa. Ya pili vilevile. Ya tatu ikatoa cheche dhaifu ya manjano, na kwa kuwa koleo langu lilikuwa limechanika mpira, nikapigwa shoti hadi kwenye kiwiko.

"Hapo sikuwa nimeomba," Mama akasema kutoka kwenye usukani.

Maneno hayo yaliniingia kama mwiba. Nikaanza kuwaza kisomi. Mama huomba wakati cheche zipo, kwa hivyo hatuwezi kujua ni kipi kinachofanya kazi. Tunahitaji siku moja ya maombi bila cheche. Ona akili hiyo!

Jumamosi iliyofuata, Mama akiwa chumbani anafunga kitambaa kichwani, nikatoka polepole nikachomoa ule waya mnene unaotoa umeme kwenye koili. Bila huo hakuna plagi hata moja inayopata moto. Nilijua ana safari. Jikoni kulikuwa na paja la mbuzi alilolifuata soko la mbuzi la Kiamaiko, nikadhani ni la mkutano wa akina mama wa kanisa. Sikuuliza. Mimi, ninayeuliza kila kitu!

Akaweka kiganja kwenye boneti. Siku hiyo aliomba kwa muda mrefu. Akazungusha ufunguo, stata ikalia, injini ikakataa. Akajaribu tena. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisubiri aniite, nitoke na hotuba yangu.

Hakuniita. Alirudi ndani akifungua kitambaa. Nikasema niangalie kidogo. Akasema niliache, amekwisha kujibiwa. Nikamkumbusha kwamba matatu za abiria zipo pale steji. Akaingia jikoni.

Mchana akalikaanga lile paja. Nilikula, nikaongeza, nikijiona mshindi. Waya nilikuwa nimeurudisha kimyakimya, na hotuba nimeiweka hadi achangamke.

Jioni Njeri akapiga simu. "Tomaso, mama yako amepatwa na nini?"

Hapo ndipo nilipojua. Kwa miezi Mama alikuwa akisitasita juu ya ndoa yetu. Sisi ni Wakamba, kina Njeri ni watu wa Murang'a, kabila jingine, na Mama alitaka kwanza kukaa na mama yake Njeri, wanawake wawili tu, kabla ya mbuzi yeyote wa mahari kupelekwa. Walipatana kwa simu. Mama yake Njeri akafunga kibanda chake sokoni Muthurwa siku ya mauzo, akapika nyumbani kwake Njiru, akangoja. Mimi nilifichwa kwa sababu ningewatungia maswali. Na lile paja lilikuwa zawadi yake. Zawadi ya mama mkwe, jamani, ilikuwa tumboni mwangu.

La kuumiza zaidi ni yale maombi marefu. Nilipomuuliza, Mama akasema alikuwa amemwambia Mungu: kama ndoa hii ni yako, nifikishe, kama si yako, nizuie.

Nami nikamzuia.

Kesho yake nikaungama. Nikampeleka kwenye gari, nikachomoa waya, gari likakataa. Nikaurudisha, likawaka. Nikamwambia ameona mwenyewe, aliyemzuia ni mimi. Akauliza kwa utulivu kwa nini niliuchomoa asubuhi ile na si nyingine. Nikasema ilitokea tu.

"Ilitokea tu," akarudia. "Mwanangu, Mungu aliwahi kumtumia punda wa Balaamu. Atashindwa kukutumia wewe?"

Nikafunga boneti.

Nikaenda Muthurwa kumwomba msamaha mama yake Njeri. Alinisikiliza huku akimpimia mteja viazi. "Kwa hivyo kuku wangu alikufa kwa ajili ya waya," akasema, na mteja akageuka kunitazama vizuri. Akaongeza kwamba hana kinyongo, ila hatapika tena mpaka aone Mama amefika mlangoni. Njeri hakunicheka. Njeri asiponicheka, ujue mambo ni mabaya.

Baada ya kumsihi sana, Mama amekubali kuomba tena maneno yaleyale. Jumamosi hii. Gari likifika Njiru, ndoa ipo. Lisipofika, nisimtajie ndoa tena. Sharti ni moja: nisiguse boneti. Ufunguo anatembea nao kifuani.

Nikamweleza kuhusu plagi ya tatu, ambayo sikuwahi kuinunulia mbadala. Nikamwomba nibadilishe hiyo tu. Akasema kama jambo ni la Mungu, itawaka na masizi yake.

Sasa kila asubuhi anapozungusha ufunguo, mimi niko nyuma ya pazia na midomo inacheza. Jana Njeri alinipigia nikiwa katikati, akauliza nilikuwa nikiongea na nani. Nikamwambia sijui. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kwa hivyo nakuonya, wewe mwenye maswali kama yangu. Uliza yote, hata ya kanisani. Lakini kabla hujachomoa waya wa mtu, muulize kwanza anakwenda wapi, na anakwenda kwa ajili ya nani.

Na Jumamosi, ukisikia gari kuukuu likikohoa kwenye barabara ya Kangundo kuelekea Njiru, tafadhali iombee ile plagi ya tatu.