Vidonge Ndani ya Soksi

Mume wangu alianguka bafuni Jumamosi asubuhi, nikiwa jikoni nakoroga uji. Nilimkuta amebanwa kati ya choo na ukuta, mwili umekakamaa, maneno hayatoki. Nikapiga simu ya dharura. Nilipofungua droo kumtafutia soksi, nikakuta moja imejaa vidonge vyake vya Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa.

Hospitalini walimrudishia dawa. Jioni akaweza kushika kikombe, nami nikamuuliza.

"Nani kakwambia uache?"

"Dada."

Dada yake, yaani wifi yangu, anakaa Temple Hills, hukuhuku Marekani tunakoishi. Ndiye aliyetupeleka Springfield kwa daktari wa tiba ya asili ya Kikorea, na kwa hilo namshukuru. Sindano zake nyembamba, za kuchomekwa mwilini bila dawa, zilimlegeza mabega, na mitishamba yake ya kuchemsha ikamrudishia usingizi. Wifi alipoona nafuu ile, akamnong'oneza kaka yake kwamba vidonge vya hospitali ni sumu, mitishamba inatosha. Nilimpigia nikiwa bado kwenye korido ya wodi.

"Wifi, mimi namtakia mema ndugu yangu," akajitetea.

"Mema yako nimeyaokota sakafuni leo!"

Nikakata simu.

Yule daktari Mkorea, mzee mpole siku zote, alipopata habari alipandisha sauti. Binti yake alimtafsiria kwa Kiingereza: "Nilikwambia sindano zinasaidia vidonge. Nani kasema zinachukua nafasi yake?" Mume wangu akatazama viatu vyake. Sikumwonea huruma.

Kisha tukarudi kwa daktari wake wa mishipa ya fahamu, hapa Wheaton. Bila kuondoa macho kwenye kompyuta akasema, "Hiyo mitishamba tupeni."

"Unajua ndani kuna nini?" nikamuuliza.

"Sina haja ya kujua."

Binti yetu, aliyezaliwa hukuhuku, akanivuta mkono akinisihi kwa Kiingereza ninyamaze. Sikunyamaza.

"Mume wangu alikwambia hapati usingizi, hapati choo, ukamwongezea kidonge. Mwenzako Mkorea alimshika mkono akamsikiliza. Ndiyo maana akamwamini kuliko wewe, mpaka akaumia. Mpigie simu. Sisi hatutoki humu."

Akanitazama, kwa mara ya kwanza nadhani. Akapiga. Walizungumza kama watu wazima, binti wa Mkorea akitafsiri, na mimea miwili ikaondolewa kwenye ile dawa ya kuchemsha. Wakakubaliana pia vidonge na dawa hiyo visinywewe kwa wakati mmoja. Simu moja tu, ambayo ingepigwa tangu mwanzo!

Sasa anatumia vyote viwili. Mkono bado unatetemeka, wala hakuna aliyetuahidi kwamba utaacha, ila asubuhi nyingi ananyoa ndevu mwenyewe. Wifi alikuja na chapati na machozi. Nilipokea chapati.

Yeye nitamsamehe, najijua. Lakini mume wangu alikuwa akilala ubavuni mwangu kila usiku, akiniambia kameza dawa. Juzi aliniuliza mbona bado nimenuna.

"Fungua mdomo," nikamwambia, "nione kama umemeza."