Wimbo wa Nne wa Radi ya Panda

Mwaka 1974 mume wangu Casimir alipiga gita katika sahani moja ya muziki wa roki, na tangu hapo hajanipa nafasi ya kusahau. Kundi lao liliitwa Radi ya Panda, jina la mtaa wetu hapa Likasi: vijana wanne wa kiwandani, nywele kubwa, suruali pana za kufagia vumbi. Walirekodi nyimbo nane Lubumbashi, Jumatatu wakarudi kazini. Casimir alikuwa fundi umeme mpaka pensheni, lakini ukimuuliza kazi yake atakuambia msanii.

Na mimi nilikuwa na changu humo. Aliponichumbia aliapa kwamba wimbo wa nne alinipigia mimi, gita lile lilikuwa linaniita. Nikamkubali, nikamzalia watoto saba. Mama wenzangu wa chama cha sala cha Legio Mariae wamechoka kuisikia habari hiyo.

Mwaka huu redio moja ya hapa Likasi ikaamua kuisikiliza sahani hiyo upya, hewani. Taabu ikawa jalada. Zama zile za Zaïre majina ya ubatizo yalikatazwa, kila mtu akajitafutia la kienyeji, na mpiga gita ameandikwa « Kalenga Mwana-Panda ». Kalenga ni nani? Loo, walijitokeza wazee watano, Casimir wangu akiwa mmoja wao, wote Kalenga. Papa Adrien, ambaye miaka hiyo yote alilima mihogo Kapolowe, alikuja na koti la ngozi na miwani myeusi. Mwingine, kwa umri wake, mwaka 1974 alikuwa darasa la pili.

Danielle, mtangazaji, akawakalisha kwenye benchi moja. Mimi nikajibana mlangoni. Akaweka wimbo wa nne. Katikati gita linajikwaa, linanyamaza, kisha linakimbia kuwafikia wenzake.

« Hii kosa ni ya nani? » akauliza.

Akina Kalenga wakaanza kupungua. Papa Adrien akasema yeye alipiga zile nyimbo zingine. Wa darasa la pili akasema siku ile alikuwa na malaria.

Casimir alitokwa jasho. Miaka hamsini ameapa hakukosea hata mara moja. Nilimhurumia kweli, nikamwombea aseme.

« Ni yangu, » akasema. « Minye njo Kalenga, ni mimi. »

« Papa Casimir, utatuonyesha namna gani? »

« Pale Mado aliingia mu studio, dada yake na Léon, mupiga ngoma. Alivaa robe ya rouge. Vidole vikakataa. Ule wimbo yote nilikuwa namupigia yeye, na hata hakuniangalia. Mupigie Léon simu, iko muzima. »

Léon alicheka hewani mpaka akakohoa. Ndiyo, gauni jekundu. Ndiyo, Casimir. Watu wakapiga makofi, hata Papa Adrien. Wakampa diploma yenye jina lake la ubatizo kwa herufi kubwa.

Alitoka nje ameishika kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi.

« Gertrude, umesikia? Wamenikubali. »

« Nimesikia, » nikamjibu. « Sasa niambie, minye ulinipigia wimbo gani? »