Kati ya Masale na Mfongo

Uwanja wetu wa kulenga shabaha uko Old Moshi, kwenye kipande cha shamba ambacho zamani kilikuwa na kahawa. Tunatumia bunduki za upepo, na Jumamosi moja kila mwezi tunashindana kuangusha vibati vya chuma vilivyosimamishwa kwenye kingo ya udongo. Mimi ndiye ninayepanga vibati. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilifundisha fizikia, na wazee waliamini mwalimu wa fizikia hawezi kumpendelea mtu.

Niueleze uwanja kwanza, maana bila hivyo shida yangu haitaeleweka. Chini ya kingo unapita mfongo, mfereji wa maji ya migomba. Upande huu wa mfongo ni majani ya ng'ombe ya jirani. Alituruhusu kupiga juu ya majani yake, hakuturuhusu kuyakanyaga, kwa hiyo vibati haviwezi kusogezwa karibu. Halafu, pale mpigaji anaposimama, kuna mstari wa masale, mmea ambao kwetu Wachaga ni alama ya mpaka isiyovukwa. Mzee aliyeanzisha mashindano haya alichoshwa na watu waliokuwa wakinyatia mbele kidogo kidogo, akafanya kile ambacho Mchaga yeyote angefanya kwenye ugomvi wa mpaka: akapanda masale. Kunyatia kukaisha siku hiyo hiyo. Ila mzee alipofariki, tukajikuta tumefungwa. Masale ya mpaka hayang'olewi hivi hivi.

Niliwahi kumuuliza mdogo wake, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, kama tunaweza kuusogeza mstari kwa ajili ya wageni.

"Mwenye ruhusa ya kuyang'oa amelala pale kwenye migomba," alisema. "Kamuombe."

Basi wageni walisimama pale pale waliposimama watu waliozeeka na bunduki mkononi. Walikosa, wakacheka kidogo, wakanywa soda, hawakuonekana tena. Wazee nao kila mwezi walinidai vibati vidogo zaidi, kwa kuwa vya mwezi uliopita walishavizoea. Nikivipunguza, nawafukuza wageni. Nikivikuza, wazee wanasema nimewarudisha chekechea.

Shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu, alikuja kwa sababu nilimbembeleza. Ni muuguzi mjini. Akitoka wodini anapanda nyumbani kukata majani, kukamua, na kumgeuza mama mkwe wake ambaye hawezi kujigeuza kitandani. Siku ya kwanza hakuangusha kibati hata kimoja, na watu wote walikuwa wamekaa nyuma yake wakimtazama.

"Shemeji," aliniambia tukipanda kurudi, "mimi nilitaka mchana mmoja tu ambao si wodi, si kanisa, si zizi. Sikutaka mahali pengine pa kushindwa. Nitakuja mara moja zaidi, kwa heshima yako. Baada ya hapo usiniite."

Mwezi ule nilifikiri sana. Mstari ni wa marehemu, majani ni ya jirani. Kilichobaki mikononi mwangu ni ukubwa wa chuma tu. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nikarudi na vibati vya aina mbili. Kwenye kila kigingi niliweka kibati kipana kama sahani ya chai, na pembeni yake kingine kidogo kama kifuniko cha chupa ya soda. Kikubwa alama moja, kidogo alama mbili. Kabla ya kufyatua, mpigaji anataja anachokilenga, kwa sauti.

Hicho cha kutaja kwa sauti sikukipima vizuri. Hakuna mzee aliyeweza kusimama mbele ya wenzake na kutamka "kikubwa". Wote walitaja kidogo, mmoja baada ya mwingine, na upepo wa mchana ukateremka kutoka mlimani ukapeleka risasi zao nyingi kwenye udongo.

Zamu ya shemeji ilipofika, alimsalimu kwanza mwenyekiti, kwa neno la Kichaga la kumheshimu mzee. "Shikamoo, meku."

"Marahaba, mama. Leo mwalimu amekuwekea ukuta wa nyumba."

"Nimeuona. Nasikia nyie hata ukuta mmeuogopa."

Watu wakacheka, na mwenyekiti akacheka nao. Shemeji akataja kikubwa, akavuta pumzi kama nilivyomfundisha, akaitoa nusu, akafyatua. Kibati kikaanguka. Akataja kikubwa tena, kikaanguka tena. Kufikia kigingi cha mwisho alikuwa sawa na mwenyekiti aliyekuwa akiongoza, na kikubwa kimoja tu kingempa ushindi. Niliwaona wazee wakinigeukia mimi, si yeye. Nilijua wanachosema moyoni: mwalimu amempikia shemeji yake.

Alinyanyua bunduki, akaishusha.

"Kidogo," akasema.

"Shemeji," nikanong'ona.

"Nimesema kidogo."

Akakosa. Udongo uliruka pembeni ya kile kifuniko, karibu sana. Hakuna aliyepiga makofi, lakini mwenyekiti alisogea kwenye benchi, akampisha nafasi ya kukaa.

"Ulivuta upande," akamwambia. "Kidole kina haraka."

"Upepo, meku."

"Upepo ni wa kwetu, tunauachia nafasi. Kidole ni chako."

Walibishana hivyo mpaka vikombe vya mbege, pombe yetu ya ndizi, vilipoisha, naye hakuangalia saa hata mara moja.

Nilipokuwa nakusanya vibati, mwenyekiti alinifuata. "Mwezi ujao hivi vipana viache nyumbani. Umeona mwenyewe, shemeji yako havitaki." Aliongea kwa upole, kama mtu anayemaliza shauri, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Njiani shemeji alitembea mbele yangu na bunduki yangu begani. Alikuwa ameshapiga simu kubadilishana zamu ya Jumamosi yetu ya mwezi ujao.

"Nimempata na mwenzangu wa wodini, atakuja," akasema bila kugeuka. "Hajawahi kushika bunduki, anaogopa hata mlio. Nimemwambia asihofu, shemeji yangu anaweka vile vikubwa."

Nilihamisha mfuko wa vibati kutoka bega moja kwenda jingine. Vilikuwa vizito, vyote, vikubwa na vidogo.