Rafiki wa Atupele Aliyejiita Mchawi

Kila Jumatatu Leanne alimletea Atupele keki ya ndimu. Wote wawili walikuwa wahudumu katika nyumba ya kulea wazee huko Granville: Leanne mwenyeji wa Sydney aliyekaribia kustaafu, Atupele Mkristo wa Kanisa la Moraviani kutoka Mbeya, aliyehamia mtaa jirani wa Merrylands na mumewe Fidelis na binti yao Rozina.

Asubuhi moja walikuwa wakimgeuza bibi Doreen kitandani, nyota ya fedha ikachomoza kwenye kola ya Leanne.

"Pambo zuri," alisema Atupele.

"Si pambo, ni alama ya dini yangu. Mimi ni Wicca." Alipoona mwenzake hajaelewa, Leanne akacheka. "Mchawi, ukipenda. Neno hilo halinisumbui."

Lakini Atupele hakucheka. Kwao neno hilo halitamkwi kwa kicheko. Ndilo lililomtoa shangazi yake kijijini, nyumba ikiwaka moto nyuma yake, na hakuna aliyewahi kuonyesha alichokuwa amekosa. Leanne alimweleza kwamba wao huheshimu ardhi, mwezi na majira, na sharti lao la kwanza ni kutomdhuru mtu. Atupele aliitikia kwa kichwa tu, macho yakiwa mlangoni.

Tangu hapo hakutulia. Aliomba abadilishiwe zamu. Aliacha kupanda gari la Leanne, akarudi kwenye treni. Nyumbani aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, akafungua madirisha, akayafunga, akayafungua tena.

"Keki zake umekula miaka mitatu," Fidelis alimwambia, "na kitu pekee ulichopata ni kunenepa. Hebu kaa chini, mama Rozina."

"Wewe hujui."

"Nawe hujamuuliza."

Kisha bibi Doreen akazidiwa. Atupele alikuwa jikoni anaandaa chai ya wazee Leanne alipokuja mbio, ingawa walikuwa hawajasemezana kwa wiki kadhaa.

"Anataka kuombewa. Padri yuko njiani, ila sidhani atamkuta. Njoo."

"Kwa nini usimwombee wewe?"

"Anamtaka Mungu wake. Siwezi kumdanganya mtu anayekata roho. Wewe unamwamini."

Atupele alipiga magoti kando ya kitanda. Maombi ya Kiingereza yalimkwama, basi akaomba kwa Kiswahili, na bibi Doreen akawa anaitikia "Amina" pale alipoona panafaa. Leanne alikaa miguuni, akimsugua bibi nyayo zilizoanza kupoa.  Walikuwa hivyo, mmoja kichwani na mwingine miguuni, mpaka pumzi ikakoma.

Baadaye, kwenye chumba cha mapumziko, Atupele hakuweza kuketi. Alizunguka meza na kikombe mkononi.

"Nijibu kweli. Uliwahi kunifanyia mambo ya dini yako?"

Leanne alitazama chini. "Mara moja. Rozina alipolazwa. Niliwasha mshumaa nikamtakia apone. Nilipaswa kukuomba ruhusa."

"Usirudie."

"Sirudii."

Atupele akaweka kikombe mezani. Hasira aliyokuwa ameiandaa ilikataa kutoka. "Mimi nakuombea kila siku uokoke," alisema. "Sijawahi kukuomba ruhusa."

Leanne akacheka hadi akajifuta macho. "Basi endelea. Maombi yako hayanidhuru."

Siku hiyo walirudi Merrylands kwa gari moja. Hata hivyo, wasiwasi haukumwisha. Leanne alipomwalika kwenye karamu yao ya kuwakumbuka wafu, Atupele alikataa kuingia kwenye duara lao la ibada lenye mishumaa, lakini alipeleka sufuria ya wali, akakaa jikoni na wageni waliokuja kula, akitazama saa kila dakika.

Rozina alipopata kipaimara, Leanne alikuja kanisani na maua. Ibada nzima Atupele hakusikia mahubiri. Alikuwa akigeuka kuona nani anamtazama nani. Walipotoka nje, mama Lusekelo, kiongozi wa akina mama, alimshika mgeni mkono, akamgeukia Atupele.

"Rafiki yako anasali wapi?"

Atupele alimvuta Rozina karibu. Angeweza kusema Anglikana, yakaisha.

"Hasali kwetu, mama. Ana dini yake, ya Wicca," alisema Atupele. "Lakini Rozina alipolazwa, ndiye aliyenishikia zamu zangu zote."

Mama Lusekelo alimtazama Leanne kwa muda, mkono bado hajauachia. Kisha akauliza kama mgeni amekwisha kupata chakula.