Mjomba wa Ukurasa wa Mwisho

Kwa miaka kumi na tisa, ukurasa wa mwisho wa jarida moja la wanaume ulikuwa wa Mjomba. Wasomaji hawakumjua kwa jina jingine. Alikuwa bwana mfupi mwenye miwani, meza yake imepakana na choo, akijibu barua. Majibu yake yalikuwa makavu. Aliyeuliza kama ni aibu kulia msibani aliambiwa machozi ni ya vitunguu. Aliyetaka kumsaidia mkewe kufua aliambiwa, "Leo utafua gauni, kesho utalivaa." Watu walicheka, jarida likauzika.

Kisha mkewe, mwalimu wa hesabu, akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Shemeji yake alikuja kuuguza wiki tatu, akarudi kwake. Mjomba akabaki na mgonjwa, beseni na kichana.

"Unanivuta kama unang'oa magugu," mkewe alimwambia siku ya kwanza, maneno yakitoka kwa shida.

"Nisamehe, mama watoto."

"Shikilia mizizi. Anzia nchani."

Alijifunza kuchana, kisha kusuka, mistari ikipinda. Alijifunza kumwogesha. Akichelewa kazini alisingizia foleni ya magari.

Mwaka huo alikuja mhariri mpya, binti wa rika la mwanawe wa kwanza. Alimtandazia Mjomba picha ya jalada: kijana mwenye kifua kipana, amevaa aproni, amebeba mtoto wa kuazima.

"Wanaume wamebadilika, Mjomba. Niandikie dalili tano za mwanamume wa kisasa."

Mjomba aliitazama ile picha. "Aproni hii haijaona maji. Na mtoto habebwi hivyo, atateleza."

"Wewe umejulia wapi?"

Akamweleza habari za mkewe, beseni na kichana, macho yakiwa mezani. Binti hakucheka. Alimwomba aandike hayo badala ya dalili.

"Sina ruhusa," alisema Mjomba. "Mwenye habari yuko nyumbani."

Jioni alimuuliza mkewe. Mkewe alisema, "Andika. Ila usijipake mafuta. Sema wiki ya kwanza ulinuna."

Aliandika kwamba alinuna. Aliandika pia kwamba siku moja alijifungia bafuni akafungulia bomba ili asisikike akilia, na kwamba majibu yake mengi ya zamani aliyatoa bila kujua alichokisema.

Barua zilizofuata nyingi zilikuwa matusi. Mmoja, akimaanisha kwamba mke ndiye anayemtawala, aliandika maneno mawili tu: "Mjomba amekaliwa." Mwenye jarida alitaka ukurasa ufutwe, mhariri akaomba miezi mitatu.

Katika rundo lile kulikuwa na barua ya dereva wa lori. Baba yake hakuweza tena kuinuka. Aliuliza mtu mzito huinuliwaje kitandani bila kumuumiza wala kujivunja mgongo. Mjomba alimjibu ukurasa mzima: magoti ya mgonjwa yakunjwe, mwili uviringishwe ubavuni kwanza, na kabla ya yote mzee aambiwe kitakachofanywa.