Ghorofa ya Chini

Jaji wa rufani ninayembebea mafaili alianza kazi kwenye jengo hili hili, ghorofa ya chini, akiwa hakimu wa kesi za kuku na mipaka ya mashamba. Kila alipopandishwa cheo alipanda ghorofa, na kila alipopanda watu walimpungukia, hadi akabaki huko ghorofa ya nne na mawakili na makaratasi. Husoma miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, na akifika mahali anapohisi shahidi alidanganya huguna, “Laiti ningemwona uso.” Saa ya chai huvua joho, hulitundika mlangoni na kushuka ngazi, eti ananyoosha miguu.

Juzi nilimfuata. Nilimkuta kwenye benchi la nyuma la mahakama ya chini, amebanana na jamaa za mshtakiwa. Mama mmoja alikuwa akiapa kwamba yeye humtambua kuku wake aliyeibwa kwa jinsi anavyokohoa. Hakimu akamwomba aonyeshe. Mama akakohoa, tena kwa makini. Jaji akaangua kicheko, peke yake. Askari wa mlangoni, mgeni kazini, akamshika mkono. “Mzee, hapa si sokoni. Toka nje.”

“Samahani, afande,” akajibu kwa adabu, akatoka.

Nikamkimbilia ngazini, nikijua askari yule kazi hana tena. Nikamkuta anajifuta machozi ya kicheko.

“Wewe hujafukuzwa,” akaniambia. “Rudi ndani, uje uniambie kuku ni wa nani.”